Mdomo wa Tangi

Baba alinipigia simu Jumamosi asubuhi kwa ile sauti yake ya mtu aliyedhulumiwa, akaniambia niende upesi kwa sababu mama amemgomea. "Amekaa barazani na mkoba mapajani. Hataki kupanda gari, hataki kusema. Njoo wewe unayejua kuongea naye." Nilikuwa nachoma pilipili, nyumba nzima inawasha. Nikazima jiko nikaondoka na aproni yangu. Nilikuwa nimeshakasirika kabla sijafika. Mimi huwa nakasirika mapema, nisije nikachelewa.

Nikawakuta kama alivyosema. Mama yangu, Eduvigen, alikuwa amevaa gauni lake la kwaya, amekaa kwenye ngazi ya baraza. Baba yangu, Onesimo, alikuwa amesimama kando ya pikapu na kitambaa mkononi, anafuta mahali palipokuwa safi tangu juzi. Pikapu yenyewe ni ya mwaka sitini na mbili, rangi ya kijani, na hapa bondeni hakuna asiyeijua. Bodi ya nyuma imetandikwa mbao za mwaloni, baba kazipiga msasa na vanishi mpaka unajiona uso. Hakuna anayeruhusiwa kuzikanyaga na viatu. Paka wa jirani aliwahi kulala pale, baba akaenda kumshtaki kwa mwenyewe.

Lakini sifa ya ile gari si mbao. Sifa yake ni mama. Siku ya harusi yao walitoka kanisani ndani ya pikapu hiyo, mama akatoa kichwa dirishani, shela ikapeperuka nyuma yake, na rafiki wa baba aitwaye Belarmino akapiga picha. Tangu hapo mama hakuacha. Kila wakipita barabarani kichwa kiko nje, nywele zinaruka, watu wanampungia mkono. Klabu ya magari ya zamani, ambayo Belarmino ndiye mwenyekiti wake, imechapisha picha ile ya harusi kwenye fulana zao. Nusu ya wanaume wa bonde hili wanatembea na mama yangu kifuani.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kioo hakishuki," mama akasema.

"Hicho tu?"

"Hicho tu," baba akadakia. "Nimebadilisha mkono wa kioo upande wake, meno yamekataa kushikana, kimekwama juu. Nitakitengeneza, nimesema nitakitengeneza. Lakini mazoezi ya kwaya ni sasa hivi, na kanisa lenyewe ni hapo tu ng'ambo ya mto. Namwambia panda, ananiambia kioo hakishuki. Mwezi wa tano huu, hakuna joto, hakuna vumbi. Kioo kina kazi gani?"

Mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Tila, panda wewe. Kaa mahali pangu, funga mlango. Akupeleke mpaka darajani mrudi."

Nikaona ni mambo ya wazee, nikapanda. Sasa, msomaji anaweza kudhani nimekulia ndani ya ile gari. Nimekulia nyuma yake. Sisi watoto tulikuwa tunarushwa kwenye bodi pamoja na kuni na mbwa, siku hizo mbao zikiwa mbao tu, na nilipokua nikanunua gari langu. Mbele walikaa wao wawili. Kwa kweli sikumbuki kama niliwahi kukaa pale na mlango umefungwa na kioo kimepanda hata mara moja.

Hatukufika darajani. Kabla ya kona ya kwanza macho yalikuwa yananiwasha, na ilipofika kona ya pili tumbo lilikuwa limenipanda kifuani. Harufu ya petroli ilikuwa nzito kiasi kwamba nilikuwa naionja kwenye meno. Nikashika mkono wa kioo, ukazunguka bure. Baba alikuwa anaendesha huku kiwiko kikiwa nje upande wake, anapiga mluzi.

"Simamisha."

"Nini tena?"

"Simamisha gari, baba, nitakutapikia."

Nikashuka nikainama kando ya mfereji. Baba akanifuata na kile kitambaa chake, akanipa, halafu akajuta kunipa. "Ni harufu yake tu," akasema. "Hujaizoea."

"Harufu ya nani?"

"Ya gari. Gari ya zamani iliyo halisi lazima inukie. Belarmino anasema ndiyo manukato yake. Ukikuta hainuki, ujue imebadilishwa tangi, si halisi tena."

Nisimwonee baba peke yake. Huo ni wazimu wao wote. Nimewaona kwenye maonyesho yao, wanaume wazima wenye wajukuu, wanachomeka pua kwenye dirisha la gari la mwenzao, wanafumba macho, wanatikisa kichwa kwa heshima. Kisha wanaambizana, ehe, hii haijaguswa. Pua ya baba yenyewe ilishakufa, amepiga rangi magari ya watu maisha yake yote bila kuvaa barakoa. Anachosikia ni chembe, na ile chembe anaipenda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, baba akinifuata na pikapu polepole. Nikafungua mlango wa pikapu, nikavuta mgongo wa kiti mbele. Magari ya namna ile, tangi la mafuta limekaa humo humo ndani, nyuma ya kiti, upana wote. Ukiegemea, umeegemea petroli. Mdomo wa kujazia unatokeza nje kwenye kona, nyuma ya mlango wa dereva, na kati ya mdomo na tangi kuna kipande cha mpira. Nikaushika ule mpira. Ulikuwa umechanika kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, na vidole vyangu vikatoka vimelowa.

"Baba. Huu mpira umepasuka."

"Umepasuka kidogo."

"Kumbe unajua."

"Kila mwenye gari ya hivi anajua. Ule mpira ni wa kiwandani, Tila. Umetoka nao. Utaupata wapi mwingine?"

Damu ilinichemka. Nikajilazimisha kuongea polepole, jambo ambalo watu wanaonijua wanaliogopa zaidi. "Baba, unavuta sigara barazani. Unavuta gereji. Unavuta mlangoni pa kanisa, padri anakutazama. Ndani ya pikapu sijawahi kukuona na sigara hata siku moja. Kwa nini?"

"Mimi si mjinga," akasema.

Akasikia mwenyewe alichosema. Nikamwona anakisikia. Kitambaa kikasimama mkononi.

"Hewa ya kuwashia sigara ni mbaya," nikamwambia, "ila ya mama kuvuta ni nzuri."

"Hapana, usinigeuzie maneno..."

"Tila, nyamaza," mama akasema. Alikuwa amesimama sasa, mkoba wake ameuacha kwenye ngazi. Mama ni mwanamke mfupi, na sauti yake ni ya pili kwenye kwaya, ile inayofunikwa na ya kwanza. "Onesimo, nisikilize, maana sitarudia. Siku ya harusi ulifunga vioo ili vumbi lisichafue gauni. Nikavumilia mpaka tukapita duka. Nikaona nitatapika mbele ya watu na shela kichwani. Nikashusha kioo, nikatoa kichwa nipate hewa. Watu wakapiga makofi. Na wewe ukacheka. Ukacheka kwa raha ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu, nikasema basi, leo nimwache, nitamwambia kesho. Kesho yake ulikuwa umeshawasimulia wote kwamba umeoa mwanamke anayependa upepo."

Baba akafungua mdomo.

"Bado sijamaliza. Nimetoa kichwa Januari. Nimetoa kichwa theluji inaanguka. Daktari wa masikio ameniuliza kama nilikuwa naendesha pikipiki. Nimekaa dirishani kama mbwa wa shamba, Onesimo, na heri mbwa, yeye anafurahi. Nikifika kanisani nanuka. Kwenye kwaya wananiita Kituo cha Mafuta, wanadhani sisikii kwa sababu ya hayo masikio."

"Mbona hukusema?" baba akauliza.

Nilitaka kumrukia. Mama akanizuia kwa kiganja.

"Nilisema. Nilikwambia kichwa kinaniuma kila tukipanda gari. Ukanipeleka kupima macho. Hii miwani ndiyo ya siku ile."

Tukatazama miwani. Sijui kwa nini sote watatu tuliitazama, lakini tuliitazama. Nami nikakasirika na yeye pia, nisidanganye. Nilikasirika kwa sababu alikaa kimya mpaka kimya chake kikawa picha kwenye fulana, na mimi mwenyewe ninayo moja, nimelala nayo usiku mwingi tu.

"Hamisha hilo tangi," nikamwambia baba. "Lipeleke chini, nyuma, mahali pa tairi la akiba. Na mdomo uhamie nyuma. Watu wanafanya kila siku."

"Wanafanya watu wasio na gari ya maana. Nikitoboa hiyo gari nimeiua. Na San Isidro ni wiki ijayo."

San Isidro, sikukuu ya mtakatifu wa wakulima, ndiyo siku yao. Magari yote ya klabu yanapanga mstari, padri anayanyunyizia maji, kisha yanashuka barabara kuu, na pikapu ya baba ndiyo inayotangulia. Imetangulia miaka mingi. Inatangulia kwa sababu ya kichwa cha mama.

"Basi nenda nayo," mama akasema. "Mimi ndani ya hiyo gari sipandi tena. Wakikuuliza mkeo yuko wapi, waambie amechukuliwa na upepo."

Nikampeleka kwaya kwa gari langu, vioo vimefungwa. Njia ni fupi, lakini tulipofika alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Sikuwahi kumwona mama yangu amelala ndani ya gari. Nilikaa pale nje ya kanisa na usukani mkononi, nina hasira hata sikujua nizipeleke wapi, nikasikia wenzake wameanza kuimba bila yeye.

Siku zilizofuata baba alinuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Alikula kwa Belarmino. Huko nadhani alitegemea kuonewa huruma, na Belarmino alimpa huruma tele, ila mwisho wa yote mwenyekiti naye anajua hesabu yake. Gari la mbele bila mama ni gari la kijani tu. Siku tatu kabla ya sikukuu wakaja wote wawili nyumbani, Belarmino amevaa ile fulana, amebeba tangi kuukuu la gari lingine begani. Huyu Belarmino ndiye aliyenishika kwenye ubatizo, kwa hiyo nalazimika kumheshimu, na siku ile nilijitahidi.

"Binti yangu, tumekaa, tumezungumza," akasema. "Tangi tunalihamisha. Linaning'inia kwenye chesisi, pale pa tairi la akiba, sawasawa kama ulivyotaka. Sasa mdomo. Mdomo tumepata mahali pazuri sana." Akazunguka nyuma ya pikapu, akachuchumaa, akakigusa kibao cha namba. "Hapa. Nyuma ya kibao. Tunakiwekea bawaba, unakishusha, unajaza mafuta, unakipandisha. Mbao haziguswi. Pale kwenye kona tunaacha mfuniko wa zamani kama ulivyo. Mtu hata akija na darubini, hajui."

"Hajui nini?" mama akauliza kutoka bustanini. Alikuwa anapanda pilipili, ana buti zake za mpira, zina matope mpaka kwenye vifundo.

"Hajui kwamba imebadilishwa, shemeji. Inabaki halisi."

"Na harufu je?" nikauliza. "Mtanyunyizia?"

Belarmino akakohoa. Nikamwangalia baba, baba akaangalia tairi. Kumbe walikuwa wamelifikiria hilo. Nakuapia, walikuwa wamelifikiria. Kitambaa kidogo chini ya kiti, tone moja tu siku ya maonyesho, majaji wakichomeka pua wapate chochote.

Nilimtolea uvivu baba yangu wa ubatizo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama atasoma. Nilipokuwa katikati, pikapu ikalia, ule mlio wa springi za chuma mtu anapopanda nyuma. Tukageuka. Mama alikuwa amesimama juu ya mbao za mwaloni na buti zake.

Baba alitoa sauti kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. "Vigen. Viatu."

Mama akatembea. Alitembea kutoka mwisho wa bodi mpaka mbele, akarudi, tope linabaki alama nyuma yake, kila buti na umbo lake. Akasimama katikati kabisa, mahali ambapo baba ameuchagua ubao mzuri kuliko zote, wenye mistari iliyonyooka. Akagonga kisigino.

"Hapa," akasema. "Toboa hapa."

"Vigen, nyuma ya kibao ni bora. Kwa uzuri, na hata kwa..."

"Nyuma ya kibao hakuna atakayeona."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana sitaki. Nimeifichia gari hii vya kutosha. Nataka lile tundu liwe katikati ya mbao zako, kila mtu anayekuja kuzisifia alione, akuulize, Onesimo, mbao nzuri hivi, umezitoboa kwa nini? Na wewe umjibu. Usipotoboa hapa, sipandi. Ukitoboa hapa halafu usijibu, nashuka."

Belarmino, ambaye ana maneno kwa kila tukio, alishusha tangi begani akaliweka chini taratibu. Baba alikuwa anatazama ile alama ya kisigino. Nilifikiri atatukana. Nilifikiri ataondoka, na nilikuwa nimeshajipanga kumfuata mpaka barabarani nikimpa vidonge vyake. Lakini alichosema ni, "Niletee drili."

Kazi walianza siku ile ile na wakaimaliza kesho yake, nami nilikaa pale kuhakikisha. Walinyonya mafuta yote kwanza, wakayapeleka mbali, wakatoa kiti, wakatoa lile tangi la ndani. Nyuma yake rangi ilikuwa imebanduka na chuma kimekuwa cha kahawia. Harufu iliyotoka hapo ilimfikia hata baba. Nilimwona amerudi nyuma hatua, kaweka mkono puani, kisha akaushusha haraka akijua namtazama.

Ulipofika wakati wa kutoboa, Belarmino akajitolea kushika, baba akamkatalia. Msumeno wa duara uliuma ule mwaloni, unga mweupe ukarukia kwenye nyusi zake, na kilipotoka kile kipande cha mviringo alikishika kiganjani muda mrefu. Alama ya tope bado ilikuwa juu yake. Belarmino alikuwa chini ya gari, anaunganisha mipira miwili, mmoja mnene na mwingine mwembamba.

"Huo mwembamba wa nini?" mama akauliza. Alikuwa ameleta maharage na chapati za tortila, ila sahani ya baba ameiweka mbali kidogo, aifuate mwenyewe.

"Wa kupumulia, shemeji," Belarmino akajibu kutoka chini. "Tangi lisipopumua, ukijaza mafuta yanakurudia usoni."

"Kumbe tangi nalo linatakiwa lipumue," mama akasema. "Lina bahati, hilo mmelijua mapema."

Belarmino hakutoka chini ya gari mpaka mama alipoingia ndani.

Siku ya San Isidro iliamka safi. Magari yalipangwa uwanjani mbele ya kanisa, yamepakwa nta, boneti zimefunuliwa, na wenyewe wanazunguka mikono nyuma. Mama alipanda upande wake. Mkono wa kioo ulikuwa umepona, baba aliutengeneza jana yake bila kukumbushwa. Akapandisha kioo mpaka juu, akakaa na mkoba mapajani, anatazama mbele. Mimi nilisimama karibu na gurudumu la nyuma. Sikuwa na kazi pale, nilikuwa nimekwenda kusikiliza jibu.

Haikuchukua muda. Mtu wa kwanza alikuja anatabasamu, akainama kuangalia mbao, tabasamu likafa. Alikuwa mzee mmoja wa klabu ya bonde la juu. "Onesimo. Hiki ni nini?"

Palikuwa na mfuniko wa chuma unaong'aa, umelala sawa na ubao, katikati kabisa. Mtu angelazimika kuwa kipofu asiuone.

"Mdomo wa tangi," baba akasema.

"Nauona. Umeutoboa kwenye mwaloni? Umechanganyikiwa?"

Wengine wakasogea. Ng'ombe akianguka njiani huku kwetu hawaji wengi vile. Mmoja alichomeka pua upande wa dereva, akanusa, akanusa tena, akawageukia wenzake akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hainuki," akasema. "Hainuki hata kidogo."

"Ni mambo ya usalama," baba akasema. "Siku hizi, mnajua, usalama."

Tukasikia mlio. Mama alikuwa anagonga kioo kwa pete ya ndoa. Hakugeuka wala hakukishusha. Aligonga tu, kama mtu anayebisha hodi, halafu mkono wake ukaenda kwenye kitasa cha mlango, ukatulia pale.

Baba akaiona ile pete. Akavua kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mke wangu alikuwa anakosa hewa," akasema.

"Ati?"

"Eduvigen. Alikuwa hawezi kupumua humu ndani. Tangu siku ya harusi. Mpira ulikuwa unavuja, nilijua unavuja, nikauacha kwa sababu ni wa kiwandani." Aliongea kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kama anayeogopa kwamba akinyamaza hataanza tena. "Ile picha mnayoivaa, hapendi upepo. Alikuwa anatafuta hewa asitapike. Mimi nikawa nacheka."

Wanaume walitazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuangalia vifua vyao, na wengine vifua vya wenzao, kila kifua na shela yake inayopeperuka. Belarmino alikuwa amevaa koti juu ya fulana. Akafunga vifungo mpaka shingoni, na jua lilikuwa kali.

Mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa amesimama pembeni na mwavuli, aligeuka kumwangalia yule mke. "Na wewe?" akamuuliza, anacheka kidogo. Mke hakucheka. Alisema, "Tutaongea nyumbani."

Mkono wa mama ukatoka kwenye kitasa ukarudi kwenye mkoba. Padri akapita na maji yake, akanyunyizia mbao na ule mfuniko bila kuuliza chochote. Baba akapanda, akawasha, akatangulia. Kabla hawajatoka uwanjani nilimwona anamwambia mama kitu, na mama hakumjibu. Hakuwa amemsamehe. Simlaumu, na mimi sijamsamehe mpaka leo, ingawa Jumapili nakwenda kula kwake.

Watu walikuwa wamejipanga barabarani kama kila mwaka, simu zao juu, wanangoja kichwa. Pikapu ikapita polepole. Kioo kilikuwa juu na mama nyuma yake, nywele zimelala palepale alipozichana asubuhi. Nilikuwa natembea kando ya barabara nikiwafuata, na dada mmoja wa kwaya, mmojawapo wa wale wenye kutunga majina, akanishika mkono.

"Mama yako leo ana nini? Mbona amejifungia? Amekasirika?"

"Amekasirika sana," nikamwambia. "Lakini anapumua."